Fundi cherehani anapima mabega, macho anayapima nani?

Jumamosi iliyopita, hapa Dresden, Ujerumani, mama mmoja fundi wa miwani alikataa hela yangu. Nilitoka dukani kwake na furaha ambayo mpaka leo haijaisha. Naiandika kwa ajili ya ndugu zangu wa Mbeya na Tukuyu, nikijua wapo watakaonisema.

Nilimpelekea miwani yenye skrini, ile unayoichomeka kwenye simu kwa waya wa USB-C, ukaona picha kubwa mbele yako kama umekaa sebuleni. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Treni ni dakika 50 kwenda na 50 kurudi, na shingo imechoka kuinamia simu. Niliiagiza mtandaoni bila kuijaribu. Siku ya tatu kichwa kikaanza kugonga, maandishi ya pembeni yamefifia kama nayatazama kupitia chupa. Nikajiambia nitazoea. Kwa kuwa mbali sioni vizuri, nikaenda kwa yule mama anichongee lenzi za kupachika kwa ndani.

Hakuigusa miwani kwanza. Alinikalisha, akaniambia nitazame ukuta wa mbali, akapima kutoka mboni hadi mboni: milimita 69. Watu wazima wengi wanacheza karibu na 63. Ndipo akaichukua miwani, akasoma karatasi yake, akaniambia vioo vyake vimepangwa kwa macho yaliyokaribiana kuliko yangu, ndiyo maana macho yanavutana siku nzima kuiunganisha picha. Akasema akinichongea lenzi nitakuwa nimelipa bure, niirudishe. Hapa kitu ulichonunua mtandaoni una siku 14 za kukirudisha na huulizwi sababu. Akaniandikia ile 69 nyuma ya kadi yake, akanifungulia mlango.

Sasa nirudi nyumbani. Desemba nilimkuta mpwa wangu Mbeya mjini na miwani ya aina hiyohiyo, kaipata duka moja pale mjini kwa pesa aliyodunduliza mwaka mzima. Kwanza simu yake ilikuwa na tundu la USB-C lakini haitoi picha kwa waya; si kila simu inatoa, na muuzaji hakumuuliza ana simu gani. Akaazima ya rafiki yake. Kisha pua: miwani ikawa inaserereka hadi mdomoni, sehemu ya picha imekatika. Alipoirudisha akajibiwa neno moja: utazoea.

Neno hilo tunalijua sote. Kiatu kinabana, utazoea. Basi la Dar umekaa nyuma ya mtu mrefu, skrini iko mbele kabisa, unaangalia filamu kwa shingo ya pembeni hadi Kitonga, utazoea. Na tunazoea kweli! Hilo ndilo linaloniumiza. Mtu akishazoea haulizi tena kama kitu kilikuwa kinamfaa tangu mwanzo.

Najua mtakachosema. "Umekula mkate wa Wazungu miaka sita, sasa unatufundisha kununua miwani." Sikilizeni. Kupima mtu kabla ya kumuuzia sikukujifunza Ujerumani. Nenda soko la Mwanjelwa pale Mbeya kwa fundi yeyote anayejiheshimu umpelekee kitambaa. Hatakata hata uzi kabla hajakuzungushia futi kamba: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, halafu anarudia mabega. Ukimwambia akate kwa macho tu, atakukatalia kama yule mama alivyonikatalia. Hapa Ujerumani kutengeneza miwani ni ufundi kama ule, unasomewa miaka 3. Kwa hiyo ninachokililia ni chetu. Kwenye nguo tumekishika, kwenye macho tukakiweka kando.

Mwingine atasema watu wanahangaika na mbolea, wewe unaleta habari za kitu cha zaidi ya milioni moja. Ni kweli bei inauma, na ndiyo sababu hasa. Mwenye hela nyingi akikosea ananunua nyingine. Mpwa wangu hana ya pili.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeitamani, uliza namba ya mboni zako kwanza. Mng'ao wa picha utafuata. Kampuni ya Xreal wana miwani ya aina hii, One Pro, ya saizi mbili, moja ya milimita 57 hadi 66, nyingine ya 66 hadi 75. Hiyo kubwa ndiyo niliyonayo leo na kichwa kimetulia. Halafu uzito. Nyingi zina gramu 80 hivi, karibu mara tatu ya miwani ya kawaida, na zikiegemea puani zote utaivua kabla filamu haijafika katikati. Jaribu vile vipande laini vya kuegemea puani vyote vinavyokuja kwenye boksi, maana pua zetu nyingi ni pana na hazina daraja refu. Na ujue inakula chaji ya simu, haina betri yake.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni kuliko hayo yote. Siku moja Desemba hiyohiyo mpwa wangu alimvalisha Mzee, baba yangu, mwalimu mstaafu, Tukuyu, mvua inanyesha bila kusimama. Mzee aliivaa juu ya miwani yake ya kusomea, aliyoinunua kwenye meza ya machinga kwa kujaribu mstari mmoja wa Biblia. Akaona ukungu. Tukamvua ile ya kusomea, picha ikang'aa, akasoma maandishi ya habari hadi herufi ya mwisho. Picha ya miwani hii ipo karibu na jicho lakini jicho linaiona kama iko mita kadhaa mbele, na Mzee mbali anaona vizuri. Cha karibu ndicho kinachomshinda. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Kumbe hii yangu kazi yake ni nini hasa?" Anaivaa kutwa nzima, hadi shambani, mwaka wa kumi. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Sikuweza kumjibu vizuri siku ile. Jumapili hii nilimpigia mpwa wangu nikamwelekeza: chukua rula ya shule, mkalishe Babu barazani kwenye mwanga, mwambie atazame migomba ya mbali, sifuri iwe katikati ya mboni ya kulia, usome katikati ya mboni ya kushoto. Alirudia mara tatu, nikimsikia Mzee akimwambia asitetemeshe mkono. 64. Nimeiandika chini ya ile 69, kwenye kadi ileile.