Hamira ya chuma: itawafaa akina mama wa Lamu?

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki Lamu hupewa vidonge vya damu bila malipo: miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, kimoja kila siku. Wengi huanza vizuri, kisha hukatiza. Kichefuchefu, tumbo kufunga, choo cheusi kinachomtisha asiyeambiwa mapema. Vidonge hubaki kabatini, na damu inazidi kupungua.

Ndiyo maana siidharau habari ya wanasayansi wanaoibadilisha hamira jeni ili ihifadhi chuma kingi zaidi. Ni hamira ile ile tunayoumulia mahamri. Chuma kikizagaa ndani ya seli huiharibu, kwa hiyo hamira hukificha katika kifuko chake, na protini iitwayo Ccc1 ndiyo bawabu anayekiingiza humo. Jeni ya Ccc1 ikiongezwa nguvu, akiba hukua. Njia nyingine ni kuipandikizia hamira jeni ya feritini, protini ambayo haina kwa asili lakini binadamu na soya wanayo. Feritini moja yaweza kubeba hadi atomi 4,500 za chuma. Tumaini ni kwamba chuma kilichofungwa hivyo hakitalisumbua tumbo kama kile cha vidonge. Hilo lithibitishwe kwa watu, maabara peke yake haitoshi.

Wanaopinga huanza na GMO, yaani mimea na vyakula vilivyobadilishwa jeni. Kenya ilizipiga marufuku mwaka 2012, serikali ikaondoa marufuku Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Wapo wanaojibu kwamba chanjo ya homa ya ini B wanayochomwa watoto wetu hutengenezwa kwa hamira iliyopandikizwa jeni, na teknolojia hiyo imetumika tangu miaka ya 1980. Ni kweli, lakini jibu hilo halijakamilika: katika chanjo, protini huchujwa na hamira haibaki, hapa mtu atameza hamira yenyewe. Mama ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Hofu yangu kubwa iko kwingine. Utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki, mahali palipojaa malaria, walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Pemba ni pwani yetu hii hii. Kwa hiyo wazo la kuitia hamira hii katika kila hamri silikubali hata kidogo, maana hakuna atakayejua mtoto amekula chuma kiasi gani, wala kama ana malaria. Iwe dawa ya kliniki, kwa kipimo, pamoja na vyandarua na matibabu ya malaria.

Tena kuna gharama. Vidonge vya sasa ni vya bei ndogo sana. Hamira inahitaji matangi, kukaushwa na kufungashwa. Na mengine hayangoji maabara: kumwambia mama asimeze kidonge kwa chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa, na atie ndimu kwenye mchicha na samaki wake.

Hata hivyo ningetaka ijaribiwe hapa, kwa ridhaa ya akina mama wenyewe, ilinganishwe na kidonge cha bure kutoka Faza hadi Mpeketoni: nani aliyemaliza dozi, na hemoglobini yake, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa ngapi siku ya kujifungua.