Mgongo unauma, roho nayo imechoka, halafu anaambiwa "ni mawazo tu"

Kuna kauli naisikia sana huku Mbeya na inanikera mno, "yule haumwi, ni mawazo tu". Anayesemwa hivo ni mama ambaye mgongo unamsumbua mwaka wa pili sasa, mara kiuno, mara mabega, mara kichwa, usingizi hapati, kapima malaria hana, taifodi hana, picha ya mgongo imetoka safi, basi anarudi nyumbani na diklofenaki zake, yaani vidonge vya kutuliza maumivu, na watu wanaanza kumuona anadeka.

Hadeki jamani. Maumivu yakizidi miezi 3 madaktari wanayaita maumivu sugu, na yakishafika hapo mara nyingi shida haiko tena pale panapouma peke yake, mishipa ya fahamu na ubongo vimekuwa vyepesi mno kushtuka, kiasi kwamba kitu kidogo tu kinauma kweli kweli, na hilo picha ya eksirei haiwezi kulionyesha. Halafu kemikali za ubongo zinazopunguza makali ya maumivu, serotonini na noradrenalini, ndo hizo hizo zinazohusika na hali ya moyo, kwahiyo mtu aliyeumwa muda mrefu akianza kulia hovyo au kukosa hamu ya chochote sio ajabu, na mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, mwili mzima ukimuuma sio uongo. Ndo maana daktari anaweza kukupa amitriptilini kidogo usiku kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu, ila watu wakisikia ni dawa ya sonona wanaitupa, wanahisi wameitwa vichaa na kesho watapelekwa Mirembe.

Na kwa nini wanawake zaidi? Kipandauso kinawapata karibu mara 3 ya wanaume, baridi yabisi mara 2 hadi 3, sonona nayo inawapata zaidi. Endometriosisi, yaani nyama kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake na kuleta maumivu makali ya hedhi, Shirika la Afya Duniani linakadiria ni kama 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa, na wengi wanakaa miaka bila kujulikana wanaumwa nini maana binti akilalamika anajibiwa "vumilia, ukizaa yataisha". Hivi nani alituambia kwamba binti kuzimia kila mwezi ni kawaida?

Homoni zinachangia, sawa, ila mi naangalia pia maisha yenyewe. Nenda Uyole au panda Njombe msimu wa viazi uone, mama kainama tangu asubuhi, mtoto mgongoni, jioni anajitwisha kuni, baridi la mwezi wa 6 unalijua mwenyewe, akifika nyumbani jiko linamsubiri, wakwe wanamsubiri, na deni la vikoba liko kichwani. Huyo ukimwambia "fanya mazoezi" tu umemuacha pale pale. Mazoezi yanasaidia kweli, tena sana, kutembea, kujinyoosha taratibu, ila kubeba mizigo mizito huku umechoka sio mazoezi, anahitaji mtu ampokee ile ndoo. Waume zetu, hapo nawasema nyie. Na alale, maana usingizi ukikatika maumivu yanapanda, na maumivu yakipanda usingizi unakatika tena.

Sisemi kila kitu ni msongo, hapana, hilo nalo linaua watu. Ukiwa unakonda bila sababu, una homa isiyoisha, au mguu unakufa ganzi na kukosa nguvu, kapimwe mapema, na mkojo ukianza kukutoka wenyewe nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na hizo diklofenaki za kununua dukani kila siku ziacheni, zinaleta vidonda vya tumbo, zinaumiza figo na kupandisha presha.

Ninachotaka ni mwanamke asilazimishwe kuchagua, ama mwili ama akili. Nesi na daktari wakimpima mgongo wamuulize na anavyolala, nyumbani kukoje, kuna anayempiga? Na wewe dada unayesoma, ukiingia kwa daktari usiishie kusema "kiuno", mwambie na kwamba hulali, unalia, hamu ya kula imekata, vyote kwa mkupuo mmoja, na kama umeshaanza kuwaza bora ufe basi hilo litangulie kabla hata ya kiuno, na usiende peke yako, nenda na dada yako au yeyote unayemwamini.