Muhogo unapigana, tusiuongezee maadui

Juzi mjomba alinipigia simu kutoka Muheza: shamba lote la muhogo majani yamejikunja, ugonjwa wa batobato umeenea kote. Kabla sijauliza neno, jirani aliyekuwa pembeni yake akadakia, "Mwambie atuletee mbegu zenye jeni!"

Nilikasirika. Kwani huo wa mjomba hauna jeni, yale maagizo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe hai? Hata muhogo wa bibi, ule wa nazi tuliofuturu nao, ulikuwa nazo tele. Muhimu ni jeni ipi inawashwa, ipi inazimwa, na nani anazima.

Virusi vya batobato vikiletwa na inzi weupe huingia kwenye seli na kuanza kutoa amri zao kwa RNA, yaani ujumbe wa jeni ulioandikwa kwa herufi za kikemikali. Muhogo hauzitazami tu. Huzinasa amri hizo, huzikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24, kisha hushika vipande hivyo kama sampuli ya kuwindia amri nyingine zinazofanana, nazo zikatwe. Jeni za adui zinanyamazishwa. Ndiyo maana utakuta mche ambao majani ya chini yamekunjamana, lakini kileleni unachipua kisamvu safi kabisa. Mimi nikiuona mche wa hivyo huwa nasimama.

Virusi navyo vina protini za kuuvuruga ukataji huo. Aina ya virusi inayoitwa ya Afrika huvuruga kwa njia yake, ile inayoitwa ya Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Zikikutana kwenye shina moja, ulinzi unazidiwa. Mchanganyiko huo uliwatesa mno wakulima wa Uganda miaka ya 1990, wengine wakaacha kabisa kulima muhogo.

Na nani anazikutanisha? Inzi, sawa. Lakini na sisi, tunaofunga mzigo wa pingili kutoka shamba lolote, tukavuka nazo wilaya mbili bila kutazama jani hata moja! Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, hukohuko Usambara, jirani na kwa mjomba. Bado tunapanda kwa kubahatisha.

Mbegu zinazostahimili zipo na zinasaidia, sibishi. Tena ukinzani unaotegemewa zaidi ulipatikana kwenye mihogo ya kienyeji ya Afrika Magharibi. Lakini hata hiyo ukiizungushia mihogo michafu unaichosha bure.

Nikamwambia, "Mjomba, ng'oa iliyougua. Pingili chukua kwenye miche uliyoiona safi tangu ikiwa michanga." Akanyamaza kidogo, akauliza kama aanzie upande wa barabarani au wa mtoni.