Pete ile haidundi

Ndugu mwandishi, asante kwa makala yako ya mambo madogo yaliyofichika katika filamu ya The Fellowship of the Ring (2001), uliyotuonyesha mwongozaji wake, Peter Jackson, akitafuna karoti kwenye mvua pale mjini Bree. Ila umeacha jambo lililo zuri kuliko yote: ile pete ya uovu ambayo hadithi nzima inaizunguka. Mzee Bilbo, aliyekuwa nayo, anapoiachia karibu na mlango, inagonga sakafu kwa kishindo na kutulia palepale. Haidundi, haibingiriki. Chini ya sakafu waliweka sumaku. Uzito wa ule uovu unausikia kabla hujaelezwa chochote, basi ongeza sauti hapo.

Halafu yale majitu matatu. Kwenye sherehe, Bilbo anawasimulia watoto jinsi yalivyogeuka mawe. Baadaye Frodo, mrithi wa Bilbo, akiwa amejeruhiwa, analazwa chini ya mawe hayohayo, usiku.

Hapo ndipo sisi wa Goma tunaojaziwa filamu kwenye flashi tunapopitwa. Filamu ya dakika 178 ikibanwa hadi megabaiti 700, giza lote linakuwa vijisanduku na majitu yanapotelea kwenye miti. Omba kopi ya gigabaiti 2 au zaidi. Ukiwa na VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, simamisha picha kisha bonyeza herufi E: kila mbonyezo ni fremu moja.

Na mchawi Gandalf kugonga kichwa kwenye taa na kwenye boriti nyumbani kwa Bilbo, umeandika yote yalipangwa. Taa, ndiyo. Boriti, hapana: Ian McKellen, anayemwigiza, aliigonga kweli, akaendelea kuigiza, nao wakaiacha.