Kodi ya sigara na bei ya moja moja pale Kirumba

Miaka mingi, Juni ikifika na Waziri wa Fedha akishasoma bajeti kule Dodoma, habari huwa ni zilezile: bia juu, soda juu, sigara juu. Wanaopinga uvutaji wanapongeza, wavutaji wanalalamika siku mbili, yanaisha. Shuka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, wiki inayofuata uulize bei ya sigara moja. Mara nyingi utakuta ni ileile.

Sababu iko kwenye hesabu. Ushuru wa sigara hutajwa kwa kila sigara elfu moja. Chukua bajeti ya 2017/18, iliyosomwa na Dk. Philip Mpango. Sigara zenye kichungi, ambazo angalau asilimia 75 ya tumbaku yake imelimwa nchini, zilipanda kutoka shilingi 28,024 hadi 29,425. Kwenye taarifa ya habari hiyo ni asilimia 5, na inasikika. Igawe kwa elfu uone: shilingi moja na senti arobaini kwa sigara. Zile zisizo na kichungi zilitoka 11,854 hadi 12,447, yaani hata shilingi moja haikutimia. Ni senti 59. Nani Mwanza ana senti 59 mfukoni?

Kama watu wangekuwa wananunua pakiti, hoja yangu ingekuwa dhaifu. Lakini kuanzia Makoroboi mpaka Igoma, na zaidi kwenye kambi za wavuvi visiwani, sigara inaenda moja moja. Kijana anapitisha sarafu dirishani, muuzaji anachomoa moja. Kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye nondo ya dirisha kisije kikaondoka na mteja. Kijana anainama, anawasha, huyoo. Pakiti yenyewe, ile iliyoandikwa kwamba uvutaji ni hatari kwa afya, haikufika mkononi mwake. Imebaki ndani karibu na pipi na vocha, imechanwa juu, na onyo lake linasomwa na mwenye duka, ambaye pengine hajawahi kuvuta maishani.

Sasa, biashara ya moja moja inaendeshwa kwa sarafu: hamsini, mia, mia mbili. Bei haiwezi kupanda kwa shilingi na senti. Ama inakaa palepale, ama inaruka hamsini nzima. Ushuru ukiongezeka kidogo, muuzaji anaumeza na kungoja. Ikifika siku ya kuruka, anaruka kwa mara moja, na sehemu kubwa ya ile hamsini inagawanywa kati yake, msambazaji na kiwanda. Hazina inapata makombo. Mvutaji kwa miaka hiyo yote hajasukumwa na chochote.

Ndiyo maana nasema kodi ya sigara ipangwe kwa kuangalia sigara moja iliyo mkononi mwa mnunuzi. Ipande mara chache, lakini ikipanda ivuke sarafu. Najua uzito wa ninachosema: kuongeza shilingi 50 kwa sigara ni kuongeza 50,000 kwa elfu moja, juu ya kiwango ambacho mwaka 2017, kwa sigara hizo za tumbaku ya ndani, kilikuwa hakijafika hata 30,000. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi ifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja, na sisi bado tuko chini ya hapo.

Juu ya madhara sitakaa sana, maana hata mvutaji mwenyewe habishi. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine, wanaume wakiwa asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Si idadi ya kutisha ukilinganisha na nchi nyingine. Ila Kanda ya Ziwa ina wachimbaji wanaovuta vumbi la mwamba mchana kutwa na wavuvi wanaolala wamebanana kambini, na uvutaji wa sigara unaongeza hatari ya kuugua kifua kikuu takribani mara mbili. Hayo mambo yakikutana kwenye kifua kimoja, safari ya hospitali ya Bugando haiko mbali.

Wapo wanaouliza kwa nini tunaisakama sigara wakati akina mama wanaobanika sangara wanakaa kwenye moshi wa kuni kila siku. Swali la haki kabisa, na moshi ule unahitaji makala yake. Haliifanyi sigara kuwa salama.

Pingamizi zito ni jingine, na linatoka majini. Wavuvi wa dagaa wanatoka jioni, siku zisizo na mwezi, wanawasha taa na kungoja dagaa wajikusanye. Ni saa nyingi za baridi, usingizi unakuvuta na huruhusiwi kulala. Sigara inamshika mtu macho. Inakopwa kambini, inaandikwa kwenye daftari, inalipwa samaki wakiuzwa. Ukipandisha bei, huyu hataacha kesho asubuhi. Nikotini imeshamkamata. Deni lake litakua, na litakatwa kwenye fedha ya unga. Anayesema kodi ya sigara inamuumiza maskini anasema kweli, hasa pale ambapo mtu anaambiwa aache halafu hapewi msaada wowote wa kuacha. Dawa mbadala wa nikotini, zinazomsaidia mtu kuacha, zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu 2009. Jaribu kuzitafuta kwenye zahanati ya kisiwani.

Hoja ya mkulima, kwa upande wangu, imekuwa ikitumika vibaya. Tunaambiwa tukimbana mvutaji tunamuua mkulima wa Urambo, Kaliua na Kahama. Lakini sehemu kubwa ya tumbaku yetu inauzwa nje. Kijana wa Igoma akiacha kuvuta, mnunuzi wa tumbaku ghafi ng'ambo hana habari. Kinachomhangaisha mkulima ni bei ya msimu, mkopo wa pembejeo, na kuni za kulisha mabani ya kukaushia tumbaku. Hata hivyo kwa jina lake sigara zenye tumbaku ya ndani zimepewa punguzo kubwa: katika bajeti ileile ya 2017/18 zilitozwa 29,425 wakati nyingine zenye kichungi zilitozwa 53,235. Hiyo ni sera ya kilimo iliyovalishwa koti la ushuru. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Migori nchini Kenya, wakulima wamesaidiwa kuhama kutoka tumbaku kwenda maharage yenye soko la uhakika. Njia hiyo naielewa zaidi.

Kwa nini basi tusipige marufuku moja moja tu, tumalize? Kenya ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2007, sigara zisiuzwe chini ya kumi kwa pakiti. Uganda ikafuata kwa sheria ya 2015, na umri wa kuuziwa ikaupandisha hadi miaka 21. Nenda vibandani Kisumu leo, utapata moja. Marufuku ya namna hiyo ikitua Mwanza, atakayebanwa ni machinga mwenye kisanduku, na tunajua mgambo akikamata kisanduku mazungumzo huishia wapi.

Magendo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Ziwa halina ukuta, na mzigo hufuata tofauti ya bei kama ilivyokuwa siku zote. Tukiruka peke yetu hamsini nzima, mitumbwi itajua la kufanya kabla ya mamlaka. Kwa hiyo hatua hiyo ingefaa kupangwa pamoja na Nairobi na Kampala ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hilo linaweza kuchukua miaka.

Katikati ya hapo kuna watu wawili dirishani. Mmoja ni mvuvi wa miaka hamsini, ambaye kodi peke yake itamuumiza bila kumponya. Huyo anadai zahanati yenye dawa na mtu wa kumshauri, na sehemu ya mapato ya ushuru huohuo ingetosha kuanzia. Mwingine ni wa miaka kumi na sita, ambaye kisheria hapaswi kuuziwa lakini anauziwa, na hajawa mteja wa kudumu bado. Kwake hamsini ni hela. Nikilazimishwa kupanga bajeti kwa ajili ya mmoja wao, nitaipanga kwa ajili ya huyu wa pili, huku nikijua kwamba yule wa kwanza ana haki ya kunilaumu.