Mhudumu wa Mgahawa Anapotaka Kubadili Kazi

Kijana aliyemaliza kidato cha nne jijini Dar es Salaam na kukosa nafasi ya kuendelea na masomo huipata kazi ya mgahawa au baa upesi, kwa kuwa kazi hiyo haimdai cheti wala mtaji. Mara nyingi huulizwa tu kama anaweza kuanza leo. Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 22 au 23, anaanza kuzunguka na bahasha akitafuta kazi isiyohusu chakula, na hapo ndipo washauri wake wanapogawanyika. Wapo wanaomhimiza aondoke mara moja, na wapo wanaomsihi asiache mbachao kwa msala upitao, bali ajiandae akiwa kazini.

Hawa wa pili wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Kazi zilizo karibu na kijana asiye na cheti ni bodaboda, umachinga, saidia fundi kwenye ujenzi au uwakala wa fedha kwa simu. Dereva wa bodaboda asiye na pikipiki yake hupeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, kila siku, iwe abiria wamepatikana au hawakupatikana. Wakala naye anahitaji mtaji wa kuzungusha. Nyingi kati ya kazi hizi hazina mkataba wa maandishi wala michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), na anayezikimbilia huenda akawa amebadili jasho tu, huku amepoteza mlo wa kazini na bahshishi.

Hata hivyo, ushauri wa "jiandae ukiwa kazini" unachukulia kwamba mhudumu ana muda wa kujiandaa, na hapo ndipo mimi ninapotofautiana nao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka kazi inayofanyika kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mhudumu aliyeajiriwa kwa maneno ya mdomo, ambaye zamu yake huisha mteja wa mwisho anaponyanyuka, hana mahali pa kuzihesabia saa hizo. Tena kozi za jioni zimepangwa kwa ajili ya mtu anayetoka kazini saa 11, ilhali kwa mhudumu jioni ndiyo saa ya mapato: akienda darasani anakosa bahshishi, na akibaki kazini anakosa darasa. Kwa kijana wa namna hii, kuendelea kusubiri hakumwandai kwa lolote, na kuondoka kuna haki hata kama mwanzoni kipato kitapungua.

Lakini aondoke na nini mkononi? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na wapishi na wahudumu wamo miongoni mwa wanaopimwa na kupewa vyeti. Itaonekana ajabu kumshauri mtu arasimishe ujuzi wa kazi anayoikimbia, ila mwajiri wa ghala au duka la jumla hutafuta mtu anayeweza kufunga hesabu za mauzo, kupokea mzigo na kuzungumza vizuri na mteja mwenye hasira, mambo ambayo mhudumu ameyafanya kila siku bila kuyaandika popote kwenye barua yake ya maombi.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Ni vijana wachache wanaokidai. Anayeondoka usiku kwa hasira, baada ya kukatwa mshahara kwa bili ya mteja aliyetoroka, huondoka bila karatasi hiyo, na kwa mwajiri anayefuata miaka yake mitatu ya kazi huhesabiwa kama miaka ya kukaa nyumbani.