Sykes wa Kipata, si wa Yorkshire

Jumapili nilikuwa barazani kwa dada yangu, Magomeni, nasubiri chai ambayo kila ukiiulizia unaambiwa "inakuja". Mpwa wangu, yuko kidato cha nne, akanisogezea simu usoni. "Mjomba, kumbe Dully Sykes wa Bongo Fleva ni Mwingereza?"

Nikasoma. Ni moja ya zile tovuti za maana za majina, iliyotafsiriwa na mashine isiyojua hata kusalimia watu. Imeandika: asili ya jina, Yorkshire, Uingereza. Maana, kijito. Umaarufu, wa wastani. Basi, kijana kashafunga jalada.

Umaarufu wa wastani! Walitaka kusema wingi, wakasema umaarufu. Akina Juma wako wengi, ila sijasikia kila Juma akisimamishwa barabarani apigwe picha. Masykes wa Dar es Salaam ni ukoo mmoja tu, watu wa kuhesabika, na mtu aliyekulia Kariakoo akikuambia halijui jina hilo, muulize vizuri alikulia Kariakoo ipi.

Haya, nikubali kwanza yale ya Yorkshire nisionekane nina kijicho. Ni kweli jina liko kule, na ni kweli neno lenyewe la zamani lilimaanisha kijito chembamba, kile cha kwenye majimaji kinachopita mpakani mwa mashamba. Hata mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, Bryan Sykes, mwaka 2000 alitoa utafiti wa wanaume wenye jina kama lake, akakuta karibu nusu yao wana alama ileile ya kromosomu Y, yaani wametoka kwa babu mmoja. Kazi safi. Mwenzao Mark Sykes ndiye yule wa 1916, aliyekaa na Mfaransa Picot wakagawana Mashariki ya Kati kwa rula. Mwingine, Kanali Sykes, alimwandika kima kitabuni mwaka 1831, na mpaka leo ukienda msitu wa Jozani pale Unguja, watalii wanamwita kima wetu kwa jina la kanali. Hawa watu ukiwaachia wino hakuna kinachosalimika.

Lakini yote hayo hayamhusu Dully.

Mwaka 1889 Wajerumani walimtuma Hermann von Wissmann kuja kuzima vita vya Abushiri pwani. Hakuja na Wajerumani wengi. Aliokota Wasudani kutoka Misri, akaokota na Wazulu kutoka Msumbiji, akawapa bunduki na mshahara. Mmoja wa Wazulu hao alikuwa Sykes Mbuwane. Sitampamba: alikuja upande usio wetu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo, na ni Pangani hiyohiyo, mwaka 1894, Mbuwane alipopata mtoto wa kiume. Huyo ndiye Kleist. Jina la Kijerumani, baba Mzulu, kazaliwa mji wa Waswahili. Tafuta tovuti itakayokupa "asili" ya mtu huyo kwa neno moja.

Na sasa uangalie mpangilio wa jina la mzee, maana hapa ndipo mashine inapoangukia pua. Sykes Mbuwane. Sykes ndilo la mbele! Lilikuwa jina lake yeye, kama wewe ulivyo Hamisi. Limekuwa "jina la ukoo" kwa sababu mtoto aliitwa Kleist wa Sykes, na wajukuu wakaitwa Abdulwahid Kleist Sykes, Ally Kleist Sykes, Abbas Kleist Sykes. Jina langu, la baba, la babu. Si ndivyo tunavyoitana wote nchi hii? Tofauti ni kwamba kwetu sisi wengine jina la babu huanguka kila kizazi kikizaa kingine, na la kwao likagoma kuanguka. Mbuwane ndiye aliyeachwa njiani.

Hili la majina matatu nina kidonda nalo. Niliwahi kukaa dirishani kwenye ofisi moja siitaji, karani ananiuliza kwa nini "jina la ukoo" langu halifanani na la baba yangu. Nikamwambia la kwangu ni la babu yangu, na la baba ni la babu yake. Akaniangalia kama nimeiba kitambulisho. Nikamuuliza yeye wa kwake je? Akatazama kadi iliyoning'inia shingoni mwake, akanyamaza, akanipigia muhuri. Kisanduku cha "ukoo" kwenye zile fomu kilikatwa kwa kipimo cha mtu wa Yorkshire, sisi tunaingizwa humo kwa kukunjwa magoti.

Turudi kwa Kleist. Alilelewa nyumbani kwa Affande Plantan, Mzulu mwenzake baba yake (na Plantan nalo ni jina jingine la Dar ambalo tovuti itakupeleka usikotaka, Mashado Plantan alikuwa na gazeti lake, Zuhra). Vita vya Kwanza alipigana upande wa Wajerumani. Waingereza walipoingia akafanya kazi reli. Mwaka 1929 alikuwamo kati ya waanzilishi wa African Association, chama cha Waafrika, akawa katibu wake. Baadaye kidogo akawa mstari wa mbele kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya, jumuiya ya Waislamu. Alifariki 1949.

Wanawe Abdulwahid na Ally walikwenda Burma Vita vya Pili na KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, wakarudi na akili nyingine. Aprili 1953 Abdulwahid na mwalimu mmoja kijana kutoka Butiama waligombea urais wa TAA, ileile African Association kwa jina jipya, pale ukumbi wa Arnautoglu, mwalimu akashinda. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa New Street, ambayo leo ni Lumumba. Kadi namba 1 ya Nyerere. Namba 2 ya Ally Sykes. Namba 3 ya Abdulwahid.

Hesabu mwenyewe. Kutoka babu aliyekodiwa kuja kuwapiga watu wa pwani hadi wajukuu wenye kadi namba mbili na tatu za chama kilichomtoa mkoloni, ni miaka 65. Hiyo ndiyo maana ya Sykes mjini kwetu, na ukitaka kuiita kijito uite, lakini useme kimepita wapi.

Kinachoniuma ni kwamba kijana wa watu hana kosa. Mimi mwenyewe nilisoma historia hadi kidato cha sita, nikatoka najua TANU ilizaliwa Saba Saba na Mwalimu ndiye aliyeizaa. Jina la Abdulwahid nililisikia mara ya kwanza kinyozini, kwa mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu. Mjukuu wa kike wa Kleist aliandika sura nzima juu ya babu yake kwenye kitabu kilichotoka 1973. Imeandikwa, ipo! Lakini ukiweka jina kwenye simu, kinachotangulia ni Yorkshire.

Mpwa wangu hakukubali kirahisi. "Lakini mjomba, neno lenyewe si la Kizungu?" Nikamuuliza, na Kariakoo? Kimya. Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza Vita vya Kwanza. Tumelitafuna neno mpaka likawa letu, tunauza humo vitenge na betri. Nani akisimama Msimbazi anasema yuko Uingereza?

Akafikiri kidogo. Akauliza Kipata ni wapi, maana nilikuwa nimetaja. Nikamwambia ni mtaa wa Kariakoo, kibao kinasema Kleist Sykes, ila wazee bado wanasema Kipata. "Sasa mbona wao hawauiti jina jipya?" Nikasema hayo waulize wazee. Chai ikaja wakati huo, na mihogo, tukaacha kubishana.

Nilipokuwa navaa viatu kuondoka, nikamwona bado kainamia simu. Ile tovuti ina sehemu ya kuchangia maelezo. Alikuwa ameandika: Sykes, Kipata, Dar es Salaam, babu yao Mzulu. Mashine ikamjibu kwamba eneo halitambuliki, achague kwenye orodha. Kwenye orodha kulikuwa na Tanzania, kwa hiyo akachagua Tanzania, akabonyeza.

Kaniandikia leo asubuhi kwamba bado wanakagua.